Barua Mbili za Tarehe za Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla geti halijafunguliwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, masika yamekolea, na barabara ya kutoka kwetu Mlabani ilikuwa tope mpaka vifundoni. Viatu nilikuwa nimevishika mkononi. Mlinzi alinitazama miguu, akaniuliza kama mimi ndiye karani mpya. Nikasema ndimi.

"Basi nawa hapo kwenye pipa, dada. Mzee wa Utumishi hapendi tope ofisini kwake."

Kiwanda chetu, pale Ifakara, kilikuwa cha kupasua mbao. Magogo yalikuja kwa malori kutoka misitu ya upande wa Mlimba, yakapangwa uwanjani, halafu yakaingia kwenye msumeno mkubwa na kutoka upande wa pili yakiwa mbao. Ofisi ya Utumishi ilikuwa chumba kimoja karibu na msumeno huo. Hata ukifunga madirisha, bado vumbi la mbao liliingia mpaka ndani ya mashine ya chapa. Kila asubuhi nilianza kwa kuipangusa kwa brashi.

Afisa Utumishi, ndiye mkuu wangu wa kwanza, alikuwa mtu mfupi wa Mahenge aliyepata kufundisha shule kabla ya kuajiriwa kiwandani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa karatasi niipige chapa ili aone mkono wangu. Aliisoma mpaka mwisho.

"Unajua kutaipu," akasema. "Lakini hilo wanalijua wengi. Hapa utaandika mambo ya watu. Ukikosea herufi tutaifuta. Ukikosea jambo la mtu, hatuna cha kufutia."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilidhani anazungumzia usafi wa kazi.

Ninyi mnaoanza kazi leo mna kompyuta, kwa hiyo nieleze kidogo. Kila mfanyakazi alikuwa na faili lake la karatasi. Ndani yake mlikuwa na mkataba au barua ya ajira, fomu za likizo, na barua zote za nidhamu. Pembeni palikuwa na rejista ya mahudhurio, daftari kubwa linaloonyesha nani alikuja na nani hakuja. Kutokana na rejista hiyo tuliandaa orodha ya mishahara, na kila mtu alipewa hati inayomwonyesha amefanya kazi siku ngapi na amekatwa nini. Mwajiri hakuruhusiwa kukata kitu kwa sababu tu amekasirika. Yalikatwa yale yaliyotajwa na sheria, kama kodi na michango ya uzeeni, na machache ambayo mfanyakazi mwenyewe ameyaridhia kwa saini.

Mzee wa Utumishi alinifundisha kutenganisha mambo mawili ambayo waajiri wengi huyachanganya mpaka leo. "Mshahara ni wa kazi iliyokwisha kufanyika," alikuwa akisema. "Utovu wa nidhamu una njia yake. Mtu akikosa, mwandikie tuhuma, msikilize, mpe adhabu inayomstahili. Lakini siku alizofanya kazi ni zake, hata kama ni mwizi."

Mwaka wa pili nilipelekwa kambi ya msituni, mbele ya Mchombe, nikawe karani wa mahudhurio na malipo. Mkuu wangu kule alikuwa Msimamizi wa Kambi, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mzuri, ila mke wake alikuwa na duka dogo la sukari, sabuni na sigara. Wakata magogo walikopa pale mwezi mzima. Siku ya malipo Msimamizi aliagiza meza yangu ihamishiwe barazani kwa duka hilo, mke wake akae pembeni na daftari lake, na kila mtu akatwe kabla hajashika chochote. Mimi sikujua la kufanya. Nilimwomba tungoje siku moja, nikampa dereva wa lori barua ya kwenda Ifakara.

Kesho yake mchana Mzee wa Utumishi akashuka kwenye lori lile lile, suruali imejaa vumbi, na kitabu cha sheria za kazi amekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Hakumgombeza mtu. Alimsomea Msimamizi kifungu, akafunga kitabu.

"Bwana Msimamizi, mshahara unafika kwanza mkononi mwa mwenyewe. Akishaushika, akitaka kwenda dukani kulipa, hiyo ni hiari yake."

"Na wasipolipa?"

"Hilo ni la duka. Kampuni haimo."

Meza ikarudi chini ya turubai la ofisi. Jioni karibu wote walikwenda dukani wenyewe na kulipa. Msimamizi alicheka, akanichinjia kuku, na tukaendelea kufanya kazi vizuri kwa miaka miwili iliyobaki. Namkumbuka kwa wema. Angeweza kuniwekea kinyongo, na hakuniwekea.

Nilirudi Ifakara wakati Mzee wa Utumishi anastaafu. Kampuni haikuwa na mtu mwingine wa haraka, ikaniachia mimi ofisi nikikaimu, yaani nashika cheo bila kuthibitishwa. Mwaka huo huo tukaletewa Meneja wa Kiwanda mpya. Alikuwa mhandisi, mtu wa mashine. Msumeno ukibadili mlio alitoka ofisini kwake mbio. Lakini kwa habari ya sheria za kazi aliniambia waziwazi, "Hizo ni zako, Dada Agripina. Mimi nataka mbao zitoke."

Sasa nifike kwa Mathei.

Mathei alikuwa mpasuaji mkuu. Aliligonga gogo kwa ngumi, akalitazama pande mbili, akakwambia lilipinda wapi kwa ndani, na msumeno ukipita unakuta ni kweli. Hakulewa, hakugombana. Kosa lake lilikuwa moja. Alikuwa na shamba la mpunga ng'ambo ya mto, na anayelijua bonde letu anajua kwamba msimu ukifika watu huhamia shambani, wakajenga vibanda na kukaa huko wiki nyingi. Mathei naye msimu ulipofika alitoweka. Hakuaga, hakuomba ruhusa. Siku nne, siku tano, halafu asubuhi moja unamkuta kwenye msumeno wake kama hakuna kilichotokea.

Huo kwa sheria ni utoro. Na sheria ya kulinda ajira iliyotumika wakati ule ilikuwa na Kanuni za Nidhamu, zilizopanga kila kosa na adhabu zake kwa ngazi. Kosa kama hilo likitokea mara ya kwanza mtu huandikiwa onyo. Akirudia hupewa karipio, ambalo ni zito zaidi, na akiendelea adhabu hupanda mpaka kufikia kufukuzwa. Mwajiri hakuweza kuruka ngazi apendavyo, na hakuweza kumfukuza mtu kabla ya kulipeleka jambo mbele ya Kamati ya Wafanyakazi.

Mara ya kwanza Mathei alipotoroka ilinipasa kumwandikia. Sikumwandikia. Mke wake tuliimba naye kwaya moja, na nilijua wana watoto sita. Nilimwita pembeni nikamwambia, "Kaka Mathei, usirudie." Siku alizokosa hakulipwa, kwa kuwa rejista ilionyesha hakuwepo, lakini faili lake nililiacha jeupe. Mwaka uliofuata akarudia, nami nikarudia maneno yale yale. Niliona ninamtendea hisani, na kusema kweli nilijisikia mtu mwema.

Mara ya tatu alikaa siku tisa. Kulikuwa na oda ya mbao za kuezekea shule, lori la mteja limesimama uwanjani, na kijana aliyeshika msumeno badala yake akaharibu magogo mawili ya mninga. Siku Mathei aliporudi, Meneja aliniita na kuniambia nije na faili lake. Alilifungua, akapekua kurasa, akarudia kupekua.

"Barua za onyo ziko wapi?"

"Hazipo, Bwana Meneja."

"Huyu si alitoroka mwaka juzi? Na mwaka jana?"

"Nilimwonya kwa mdomo."

"Kwa mdomo." Alivua miwani. "Sasa nikitaka kumfukuza leo?"

"Bila barua hizo, kwa sheria hili ni kosa lake la kwanza. Kamati haitakubali. Hata Afisa Kazi wa serikali hatakubali."

Alilirudisha faili mbele yangu. Halafu akasema taratibu, "Basi ziandike. Onyo la mwaka juzi, karipio la mwaka jana. Weka tarehe za wakati ule, weka saini yako. Kamati inakaa keshokutwa. Na mshahara wake wa mwezi huu uzuie mpaka nitakapokwambia."

"Bwana Meneja, zile siku alizofanya kazi..."

"Dada Agripina, kosa hili limeanzia mezani kwako. Unataka nianze na wewe?"

Nilirudi ofisini. Wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Nikaweka karatasi na kaboni kwenye mashine, nikapiga barua ya kwanza, halafu ya pili. Sikuchukua hata nusu saa. Nakumbuka vidole vilikwenda bila kukosea herufi moja, nami nikatia saini zote mbili. Chakula cha mchana sikula. Usiniulize kwa nini nilikubali. Nilikuwa nimejenga chumba kimoja, nasomesha wadogo zangu wawili, na nilitaka kuthibitishwa katika kile cheo nilichokaimu.

Kamati ilikaa katika banda la kulia chakula. Mwenyekiti wake alikuwa fundi wa kunoa misumeno, mzee mkimya ambaye kila mtu kiwandani alimheshimu, pamoja na wajumbe wanne. Meneja alikaa upande mmoja, mimi nikakaa karibu naye na faili mapajani. Mathei aliingia amevaa shati lililopigwa pasi.

Mwenyekiti alimsomea tuhuma, akamwomba ajieleze.

"Ni kweli, mzee," Mathei akasema. "Nilikwenda shambani. Nguruwe walikuwa wameingia kwenye mpunga, na mke wangu amejifungua, hawezi kukesha akipiga madebe kuwafukuza. Sikuomba ruhusa kwa sababu nilijua nitanyimwa. Nimekosa."

Mwenyekiti akatikisa kichwa. Nikampa zile barua mbili, akazisoma kimya, akampa Mathei.

"Hizi ulizipokea?"

Mathei hakuwa msomaji wa haraka. Alifuata mistari kwa kidole mpaka chini, penye saini yangu. Akatulia hapo. Kisha akainua macho akanitazama, na nikajua ameelewa yote. Alijua hajawahi kuziona. Alijua pia kwamba akisema hivyo, mimi ndiye nitakayeulizwa.

"Nilizipokea, mwenyekiti."

"Una hakika? Nakala hizi hazina saini yako."

"Kama Dada Agripina ameandika, basi nilizipokea."

Kwa maneno hayo alikuwa amejifukuza kazi mwenyewe. Mtu mwenye mtoto mchanga ndani. Mwenyekiti alichukua kalamu yake. Sijui nilisimama vipi, maana sikuwa nimekata shauri kusimama.

"Mwenyekiti, naomba kusema. Hakuzipokea. Nimezipiga chapa juzi mchana. Makosa ya nyuma yalitokea, lakini sikumwandikia. Nilimficha, halafu nikaja kumwandikia kwa uongo."

Nje mtu alikuwa anapanga mbao, tukasikia moja moja zinavyoanguka.

"Ulifanya kwa akili yako?" Mwenyekiti akaniuliza.

Kumtaja Meneja mbele ya watu wake niliogopa, na kudanganya tena sikuweza. Meneja alikuwa anatazama dirishani. Kisha akageuka.

"Nilimwagiza mimi," akasema. "Ziondoeni hizo barua."

Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi na sikumbuki neno la mkuu lililomgharimu mwenyewe na kunisaidia mimi kama hilo.

Kamati ikaamua kama sheria ilivyotaka. Kwa kuwa faili lilikuwa jeupe, Mathei alipewa onyo la maandishi kwa utoro wa siku tisa, onyo la kweli, lenye tarehe ya siku ile. Siku tisa hazikulipwa. Siku alizofanya kazi mwezi ule alilipwa zote, siku ile ile wenzake walipolipwa. Meneja mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Zuio lile liondoe," hata kabla sijauliza.

Zamu yangu ikafuata. Niliandikiwa barua ya tuhuma mbili, uzembe na kughushi barua, nikapewa siku za kujieleza, na nikasimama mbele ya kamati ile ile kwenye banda lile lile. Nilipewa karipio. Kukaimu kukaisha. Kampuni ilileta Afisa Utumishi kutoka Morogoro, nami nikarudi kwenye meza ya ukarani kwa miaka miwili na zaidi, nikimpigia chapa mtu mwingine barua ambazo zamani nilizitia saini mwenyewe. Ilikuwa aibu, sitaficha. Kuna wiki nilipita njia ya nyuma ili nisikutane na watu. Lakini hakuna aliyenikata hata senti nje ya utaratibu, na hakuna aliyenitukana. Meneja naye aliandika makao makuu kueleza sehemu yake. Najua kwa sababu barua hiyo niliipiga chapa mimi.

Siku chache baada ya shauri nilimkuta Mathei bombani ananawa mikono.

"Kaka Mathei, kwa nini ulikubali barua ambazo hukuzipokea?"

"Mara mbili ulinifichia," akasema. "Nikaona nami nikufichie."

"Mimi sikukufichia. Nilikupoteza. Ningekuandikia mara ya kwanza, ungejua umesimama wapi."

"Ungeniandikia mara ya kwanza ningekuchukia."

"Ungenichukia, lakini ungekuja kuomba likizo."

Akacheka. "Likizo ya kwenda kufukuza nguruwe?"

Nilikaa na swali hilo siku nzima. Kila mfanyakazi alikuwa na haki ya likizo ya mwaka yenye malipo. Sisi tulizipanga kwa alfabeti, kuanzia Januari mpaka Desemba, kwa kuwa ndivyo tulivyozikuta. Mtu ambaye zamu yake iliangukia Septemba alipumzika wakati shamba ni kavu. Nilimweleza Afisa Utumishi mpya, naye hakudharau kwa kuwa limetoka kwa karani aliyekaripiwa. Tulikaa na Meneja na Mwenyekiti wa Kamati, tukapanga likizo upya kwa msimu wa mpunga. Tuliwagawa watu mafungu, ili wengine waende wakati wa kupanda na wengine wakati wa kuvuna, na kila msumeno ukawa na mtu wa pili aliyefundishwa. Meneja aliupenda sana mpango huo. Aliuita "matengenezo ya kinga," kama vile wafanyakazi nao ni mashine, lakini tulijua anasifu.

Utoro haukwisha wote, ila ulipungua sana. Mathei hakutoroka tena. Alipunga mkono getini akienda likizo, akarudi siku iliyoandikwa. Mwishoni mwa muongo ule alileta notisi ya mwezi mmoja, kwa mwandiko wake, kwamba anaacha kazi akalime. Wakati huo nilikuwa nimethibitishwa kuwa Afisa Utumishi, kwa mapendekezo ya Meneja yule yule. Nilimwandalia Mathei haki zake zote na cheti cha utumishi, barua inayoeleza mtu alifanya kazi gani na kwa muda gani. Alikisoma kwa kidole mpaka mwisho, akaniuliza kama maneno yote ni ya kweli. Nikamwambia yote, na tarehe pia.

Nimestaafu sasa. Sheria zimebadilika, kamati zile hazipo, na mashauri ya kazi yana vyombo vingine. Vijana wenye biashara pale Kibaoni huja wakati mwingine kuniuliza, huyu kanivunjia hiki, yule kachelewa mara tatu, nimkate? Nawaambia wakasome sheria ya leo, nisije nikawapotosha na ya kwangu. Lakini nawaongezea kwamba kumwandikia mtu kosa lake mapema, kwa ukweli, ukampa nafasi ya kujibu, ndiyo huruma yenyewe. Mimi huruma yangu ya kunyamaza nusura imfukuzishe mtu kazi.

Nawashukuru wote niliowataja. Namshukuru mzee wa Mahenge aliyepanda lori na kitabu kwenye mfuko. Namshukuru fundi wa misumeno aliyeuliza swali moja zaidi kabla ya kuandika. Namshukuru Meneja, ambaye angeweza kuendelea kutazama dirishani.

Katika miaka yangu ya mwisho nilisimamia kufukuzwa kwa mtunza stoo mmoja. Kosa lake lilikuwa la wizi, alisikilizwa, likathibitika, na nilimkabidhi barua yake pamoja na malipo ya siku alizofanya kazi. Mwaka jana niliingia duka la vifaa vya ujenzi kununua misumari, nikamkuta ndiye mwenye duka. Nilitaka kurudi nyuma. Yeye akatoka nyuma ya kaunta, akaniamkia shikamoo, akanivutia kiti. Kisha akamwita mkewe kutoka ndani.

"Mama watoto, njoo umsalimie huyu mama," akamwambia. "Ndiye aliyenifukuza kazi."

Mkewe akaja, akapiga goti kidogo, akanisalimia. Nikakaa, wakaniletea maji ya kunywa.